Hadithi ya Upelelezi katika Nchi ya Uchawi: Njia ya Kufundisha Ushahidi katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya msingi ya wilaya ya Tarime au ya Serengeti hatakaa muda mrefu kabla ya kukutana na suala la uchawi darasani. Mtoto ameugua ghafla, wenzake wananong'ona kuwa amerogwa. Ng'ombe amekufa usiku, jina la jirani linatajwa kabla ya jua kuchomoza. Mara nyingi mwalimu mgeni huchagua moja ya njia mbili. Ama hucheka na kuwaambia wanafunzi kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana, ama hunyamaza na kuendelea na somo. Njia ya kwanza humfanya mtoto achague kati ya mwalimu wake na bibi yake, na mtoto mwenye adabu humchagua bibi. Njia ya pili humwacha mtoto kama alivyokuja.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo njia ya tatu, nayo ni kufundisha kwa hadithi ya upelelezi ambayo ndani yake uchawi unafanya kazi kweli. Jambo hili laweza kuonekana la ajabu. Je, mwalimu hatatia mafuta katika moto? La. Hoja yetu ni kwamba hata katika nchi ya kubuni ambamo dawa zina nguvu, mtu hahukumiwi ila kwa ushahidi. Mwanafunzi akilikubali jambo hilo ndani ya hadithi, amepata msingi wa kulikubali nje ya hadithi, na mwalimu hakulazimika kubishana na wazee wa mtu yeyote.

Suala lenyewe si la mchezo. Katika mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria, wanawake wazee wamepata kuuawa kwa kushukiwa kuwa ni wachawi, na mara nyingine dalili pekee iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Kila aliyepika kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini anajua macho hayo yanatoka wapi. Sheria ya Uchawi imekuwapo nchini tangu mwaka 1928, lakini sheria hufika baada ya tendo. Shule yaweza kufika kabla.

Aina hii ya hadithi na asili yake

Hadithi ya upelelezi ina mambo manne: tendo lisilojulikana mtendaji wake, watu wanaoshukiwa, dalili zinazoweza kuonekana na kila msomaji, na mpelelezi anayezipanga dalili hizo hadi ukweli ujulikane. Likikosekana jambo la tatu, hadithi huwa ya kubahatisha tu.

Katika Kiswahili aina hii imeota mizizi tangu zamani. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa kitabu mwaka 1960. Maiti inaonekana mahali panapoogopwa kuwa ni mzimu, na watu wako tayari kuwatwika mizimu lawama. Mpelelezi Bwana Msa, pamoja na mwenzake Najum, hakubali. Yeye hutazama, huuliza, huvuta kiko chake na kufikiri. Mwaka 1968 kilifuata Kisima cha Giningi, na jina Giningi huko Unguja ni la mahali panaposemwa kuwa ni makao ya wachawi. Katika kazi za Abdulla, basi, uchawi ni pazia, na kazi ya mpelelezi ni kulivuta.

Nchi za Ulaya zilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1929 padri na mwandishi wa Uingereza, Ronald Knox, alitoa kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilikataza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Sababu ni rahisi kueleweka. Kama mwizi aweza kupita ukutani kwa uchawi, msomaji atakuwa anatafuta dalili za nini?

Mwandishi wa Marekani, Randall Garrett, alilijibu swali hilo kwa namna mpya. Kuanzia mwaka 1964 alichapisha hadithi za mpelelezi aitwaye Lord Darcy. Garrett aliibadili historia. Mfalme Richard wa Uingereza, ambaye kwa kweli alikufa mwaka 1199 kwa jeraha la mshale, katika hadithi hizi anapona, na ukoo wake unaendelea kutawala Uingereza na Ufaransa hadi karne ya 20. Katika dunia hiyo uchawi umechunguzwa kama elimu, una kanuni zake, na wenye kuutumia husomea na kupewa leseni. Lakini Darcy mwenyewe si mchawi. Msaidizi wake, Sean O Lochlainn, ndiye mwenye ujuzi huo, naye huutumia kama daktari anavyotumia darubini, yaani kupima. Darcy ndiye anayefikiri.

Hapo ndipo siri ilipo. Uchawi wenye mipaka inayojulikana hauiharibu hadithi ya upelelezi, bali huwa kama mvua, kiza au urefu wa ukuta: jambo ambalo mpelelezi hulihesabu pamoja na mengine. Uchawi usio na mipaka ndio unaoua hadithi, na katika maisha ndio unaoua watu, kwa kuwa mshukiwa hana neno lolote la kujitetea nalo. Akisema hakuwapo, huambiwa alikuja kwa upepo.

Kubuni historia

Kwanza mwalimu awafundishe wanafunzi swali la "ingekuwaje?". Wanafunzi waliosoma habari za vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 watalielewa mara moja. Kinjeketile Ngwale aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kuwa yatazigeuza risasi, nazo risasi hazikugeuka. Mwanafunzi aulizwe: ingekuwaje kama zingegeuka? Wajerumani wangefanya nini? Nani angeshika mamlaka baada yao? Maswali haya si upuuzi. Yanamlazimisha mtoto ajue kilichotokea kabla ya kubuni kisichotokea.

Kwa shule za Tarime na Serengeti liko swali la karibu zaidi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana mstari unaoanza pwani, kwenye mdomo wa mto Umba, hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo, ambao leo unapita Sirari, uliwagawa Wakuria, wengine wakabaki upande wa Kenya na wengine upande wetu. Ingekuwaje kama mstari huo haungechorwa? Ingekuwaje kama Mugumu kungekuwa na chuo cha dawa, ambako dawa hufundishwa kama hesabu, na mwanafunzi hutoka na cheti? Darasa likishaijenga nchi hiyo kwa dakika kumi, hadithi ina mahali pa kukaa.

Kutunga kanuni za dawa

Kabla ya hadithi kusomwa, kanuni za dawa ziandikwe ubaoni na zisifutwe mpaka kipindi kiishe. Zisizidi tatu. Kwa somo letu tunapendekeza hizi:

1. Dawa haivuki maji yanayotiririka.
2. Kila tendo moja la dawa huacha mstari mmoja wa majivu katika kiganja cha mtendaji kwa siku tatu, wala haufutiki.
3. Dawa haitaji jina la mtu.

Kanuni ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Katika maisha, madhara makubwa hutokana na ramli chonganishi, yaani ramli inayomtaja fulani kuwa ndiye aliyeroga. Katika nchi yetu ya kubuni, hata mganga mwenye cheti cha juu hawezi kufanya hivyo. Jina hutoka katika dalili tu.

Hadithi ya mfano

Mwalimu asome polepole, mara mbili.

"Katika nchi ya Mara isiyokatwa na mpaka kulikuwa na kijito. Upande wa kaskazini lilikuwapo boma la Mzee Chacha, lenye ng'ombe 31. Upande wa kusini aliishi peke yake mjane mmoja, Bibi Nyangi. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa mzee walivuka wakala mtama wa bibi, wakagombana, na bibi akasema mbele ya watu, 'Mungu anaona.'

"Jumapili mvua ilinyesha vilimani, kijito kikafurika, wala hakuna aliyeweza kuvuka hadi Alhamisi. Alfajiri ya Jumatano Marwa, mtoto mkubwa wa Mzee Chacha, ambaye hulala katika kibanda cha vijana nje ya ua, alipiga yowe: 'Njooni! Ng'ombe sita wa baba wametoweka, na lango limezibwa!' Majirani wakaja mbio, wakasimama nje. Lango lilikuwa limezibwa kwa matawi ya miiba kama kawaida. Mzee Chacha, ambaye nyumba yake imo ndani ya boma, akawahesabu ng'ombe taratibu, akapata 25.

"Watu wakasema, 'Ng'ombe hapiti katika miiba. Bibi Nyangi amewapitisha kwa dawa.' Vijana wakaapa kwamba maji yakipungua watavuka wakaichome nyumba yake.

"Siku hiyohiyo akafika mpelelezi Ghati, pamoja na Mganga Mwita. Ghati hakuwa na ujuzi wowote wa dawa. Mwita akavitazama viganja vya watu wote waliokuwapo, Marwa akiwa miongoni mwao, akaona mstari mmoja wa majivu katika kiganja cha mganga wa kijiji. Watu wakaguna. Mganga akasema, 'Jana mchana nilimtibu ndama mgonjwa malishoni.' Watoto wachungaji wakasema, 'Ni kweli, tulimwona.'

"Ghati akaliendea lango, akayatazama matawi kwa muda mrefu. Mashina yake yalielekea nje. Akauliza, 'Mzee, jana jioni nani aliziba lango?' Mzee Chacha akajibu, 'Mimi mwenyewe, kwa ndani, kama siku zote.' Akawauliza majirani, 'Tangu yowe lipigwe, nani ameyagusa matawi haya?' Wakajibu, 'Hakuna.' Ndipo Ghati akasema, 'Bibi Nyangi hahusiki. Naye aliyehusika hakutumia dawa.'"

Hapa mwalimu afunge kitabu. Asiseme neno zaidi.

Hatua za somo

Somo hili lafaa kufundishwa kwa vipindi viwili vinavyofuatana, kila kimoja dakika 40, katika darasa la sita au darasa la juu yake. Zana zinazohitajika ni ubao, chaki, na tawi moja la mti ili kuonyesha shina na matawi.

Hatua ya kwanza. Mwalimu achore ubaoni safu tatu: Tulichokiona, Tulichosikia, Tunachokisia. Wanafunzi wataje kila jambo la hadithi, na darasa liamue safu yake. "Mashina yalielekea nje" huingia safu ya kwanza. "Bibi alisema Mungu anaona" huingia safu ya pili. "Bibi Nyangi amewapitisha ng'ombe kwa dawa" huingia safu ya tatu. Hatua hii ndiyo moyo wa somo, na mwalimu asiikimbize. Mwanafunzi atakayebisha kwamba jambo fulani liko katika safu isiyo yake apewe nafasi ya kutoa sababu.

Hatua ya pili. Darasa ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi watano au sita. Kila kikundi kijibu maswali manne: Kwa nini Ghati alisema Bibi Nyangi hahusiki? Kwa nini alisema dawa haikutumika? Matawi yanatufundisha nini? Nani alisema jambo ambalo hakupaswa kulijua?

Mtoto aliyekulia bomani huenda akalijibu swali la tatu kabla ya mwalimu. Anayeziba lango akiwa ndani huvuta tawi kwa shina kuelekea kwake, hivyo shina hubaki ndani. Shina likiwa nje, aliyeziba mara ya mwisho alikuwa nje. Huu ni ujuzi ambao mtoto mchungaji anao na mwalimu wa mjini huenda hana. Mwalimu na auheshimu, aseme wazi mbele ya darasa kwamba huo ni ujuzi.

Hatua ya tatu. Vikundi vitoe hukumu, na mwalimu azipange hoja ubaoni kwa utaratibu. Kijito kilikuwa kimefurika tangu Jumapili, na dawa haivuki maji yanayotiririka, basi Bibi Nyangi hakuweza kutenda kwa mkono wala kwa dawa. Katika viganja vya watu wa upande wa kaskazini ulionekana mstari mmoja tu, na tendo lake linajulikana na lina mashahidi, basi hakuna dawa nyingine iliyotumika. Lango lilizibwa kutoka nje kwa mkono wa mtu. Naye Marwa, alipopiga yowe, alisema "ng'ombe sita" kabla baba yake hajawahesabu. Mtu aliye nje ya ua, katika giza la alfajiri, hawezi kujua kwamba kati ya 31 wamepungua sita, isipokuwa amewatoa yeye. Marwa alikuwa amewaficha kwa rafiki yake, akitaka mahari bila kumngoja baba yake.

Hatua ya nne. Mwalimu aulize swali ambalo hadithi haikulijibu: kijiji kinamdai Marwa ng'ombe sita, je, Bibi Nyangi anakidai kijiji nini? Wanafunzi wajadili kama wazee wanaokutana katika iritongo, baraza la jamii linalojulikana kwa Wakuria. Watapendekeza msamaha, mtama, au kiapo cha kutomtaja tena. Mwalimu asichague jibu. Inatosha kwamba darasa zima limemfikiria mwanamke huyo kuwa ni mtu mwenye haki.

Hatua ya tano. Kila mwanafunzi aandike aya moja yenye sentensi nne, akianza hivi: "Katika nchi hiyo dawa inafanya kazi, hata hivyo..."

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwanafunzi yeyote asiruhusiwe kumtaja mtu halisi wa kijijini. Akianza, mwalimu amkatize kwa upole na kumrudisha katika nchi ya kubuni. Ndiyo sababu tuliibuni.

Pili, mtendaji wa kosa katika hadithi asitambulishwe kwa ukoo. Tarime imepata kushuhudia mapigano ya koo, na wizi wa ng'ombe umekuwa mojawapo ya chanzo chake. Katika hadithi yetu mwizi ametoka ndani ya boma lenyewe, na hilo limefanywa kwa makusudi.

Tatu, mwalimu asiwadhihaki waganga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua tiba ya asili, na katika hadithi yetu mganga wa kijiji alikuwa anatibu ndama. Kinachopingwa hapa ni kumtaja mtu bila ushahidi, si kutumia miti shamba.

Nne, mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, je, uchawi upo kweli?" asifichwe wala asikemewe. Mwalimu aweza kujibu kwamba hakuna jaribio la kisayansi lililowahi kuuthibitisha, kisha amwulize: "Nawe, jirani akikushtaki kwa jambo hilo, ungetaka aonyeshe nini kwanza?" Swali hilo lina kazi kubwa kuliko hotuba.

Tathmini

Mwalimu asipime kama wanafunzi wamemjua mwizi, maana wengine watabahatisha. Apime mambo matatu. Je, mwanafunzi anaweza kutenga alichokiona, alichosikia na anachokisia? Je, anaweza kuiunganisha dalili na hitimisho kwa neno "kwa sababu"? Je, anaweza kulikataa wazo lake mwenyewe dalili inapolipinga? Wiki inayofuata, awape kazi ya kutunga hadithi yao wenyewe kwa kanuni tatu mpya za dawa. Hadithi ambayo mpelelezi anapata jina la mkosaji kwa ramli irudishwe, si kwa alama ya kosa jekundu, bali kwa swali moja pembeni: "Dalili iko wapi?"

Hitimisho

Mwanachuo atakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, na ayajaribu haya katika darasa moja, kisha aandike katika daftari lake ni dalili gani wanafunzi waliiona mapema na ipi iliwapita. Kanuni za dawa zaweza kubadilishwa zifuate mahali: shule iliyo kandokando ya Mto Mara itumie mto, iliyo mbali na maji itumie mlima au moto. Lisilobadilika ni jambo moja, kwamba katika hadithi mshukiwa awe na njia ya kuonekana hana hatia. Mtoto aliyezoea kuitafuta njia hiyo katika hadithi kumi atakapokua ataketi katika baraza la kijiji chake. Siku jina la mjane litakapotajwa huko, huenda yeye ndiye atakayeuliza kwanza ni nani aliyeona, na aliona nini.